Wagonjwa Wawili wa Fundi Sibomana

Honorine alipovuka daraja kwenda Bukavu kumwuguza mama yake aliyepasuliwa jicho, aliacha nyumbani Kamembe mume mmoja, mbwa wawili na maagizo tele. Maagizo ya mume yaliisha haraka: chumvi iko wapi, makaa yako wapi, asisahau kufunga mlango wa jikoni. Yaliyobaki yote yalikuwa ya mbwa.

"Papa Divine," alisema akiwa kwenye ngazi, mfuko begani, akimwita kwa jina la binti yao aliyekwisha kuolewa, "ile ni mbwa ya marehemu baba yangu. Nikirudi nikute moja imekosekana, utanieleza vizuri sana."

"Nitakueleza nini? Mbwa inajichungaka yenyewe."

"Njo ile maneno sitaki kusikia."

Sibomana alicheka, akarudi kwenye cherehani yake barazani. Hakuwa mtu wa mbwa hata kidogo. Hawa aliwavumilia kwa sababu ndio urithi pekee mkewe alioupata kwao, na hata hivyo kwa sharti: wasivuke kizingiti. Mbwa walilijua sharti hilo kuliko wageni wengine. Walifika mlangoni, wakalaza pua zao juu ya kizingiti, wakaishia hapo hapo.

Majina yao nayo yalikuwa na mambo yake. Upande huu, mtu mwenye neno la kumwambia jirani, na asiyetaka kesi, humpa mbwa wake neno hilo liwe jina, kisha humwita mbwa kwa sauti ya kutosha. Jirani yao ni Mukabalisa, mnunuzi wa maharage, mwanamke mwenye mwili na mdomo wa kuutosha. Walipohamia mtaani, yeye alitangaza mbele za watu kwamba fundi na Mkongomani wake hawatamaliza msimu wa mvua kabla ya kufungasha. Honorine alivuka daraja. Alikwenda kwa baba yake, akarudi na mbwa wa kiume wa rangi ya kahawia, akamwita Tutaona. Baadaye alipopata jike huko huko kwa baba yake, akamwita Batachoka, yaani watachoka. Tangu hapo, asubuhi na jioni, aliwaita ameelekeza uso ukutani kwa Mukabalisa, akiivuta sauti mpaka kuku wa mtaa mzima wakastuka. Mukabalisa alijifanya hamnazo miaka yote hiyo, na salamu kati ya wanawake hao wawili ikabaki kukohoa tu.

Balaa lilianza kwa Batachoka. Asubuhi moja aligusa chakula kwa pua, akageuka, akaenda kujilaza nyuma ya tangi la maji. Jioni alikuwa anatapika na kuhara, macho yamemwingia ndani. Sibomana alijiambia mbwa hawafi kwa tumbo, akaendelea kushona. Alikuwa na kazi ya kufa kupona: sare za kwaya ya kanisa lao, zambarau yenye ukosi wa dhahabu, zilizotakiwa kabla ya mkutano mkubwa na wageni wa Giheke. Yeye mwenyewe aliimba besi kwenye kwaya hiyo, kwa hiyo asingeweza hata kujificha.

Kesho yake Tutaona, ambaye kwa kawaida habanduki kwa mwenzake, alitoka peke yake barabarani, akagongwa na pikipiki. Motari, yule dereva wa pikipiki, alimleta amembeba mikononi, shati lote damu, huku analia kuliko mbwa mwenyewe.

"Mzee, pardon! Alitoka mbio, sikumuona! Mungu anajua!"

Sibomana alitazama ule mguu unaoning'inia na ule ubavu uliochanika, kisha akatazama kule nyuma ya tangi. Akilini aliuona tena uso wa Honorine pale kwenye ngazi. Akakaa juu ya rundo la zambarau.

"Acha kulia," alimwambia motari. "Washa pikipiki. Nenda uniletee veterineri, hata kama iko mu tumbo ya ngombe, umuvute."

Veterineri Niyonsenga, daktari wa mifugo, alikuwa Nzahaha, na kweli alikuwa na ng'ombe anayezaa. Alifika na buti zenye tope mpaka magotini, akasimama uani akiwatazama wagonjwa wake kwa mashaka.

"Papa, miye ninazoea ngombe," alisema. "Na mbuzi kidogo."

"Sasa hii si iko na miguu mine kama ngombe?"

"Ile moja njo imevunjika, basi tatu."

Hata hivyo alikuwa kijana mwenye mikono mizuri. Alichoma sindano ya ganzi, akanyoosha mguu wa Tutaona, akaufunga kwa vipande vya mianzi na bendeji. Alipoanza kuushona ubavu, Sibomana, aliyekuwa ameshika kichwa cha mbwa, hakuweza kujizuia.

"Unaweka mbali mbali sana. Ile itafunguka."

"Papa, hii si suruali."

"Ninaona kama si suruali. Miye suruali sishonake vile."

Niyonsenga alimtazama, akacheka, akaanza kuikaribisha mishono. Alipomaliza alisema mbwa asiachwe kulilamba hilo jeraha kwa njia yoyote, ashonewe nguo ya kumfunika. Yule jike angehitaji maji ya sukari na chumvi, kidogo kidogo, kutwa nzima, na uji mwepesi atakapokubali kula. Tena wote wawili walale ndani, mahali pakavu, kwa kuwa mvua ilikuwa haikatiki.

"Ndani wapi?" Sibomana aliuliza.

"Ndani ndani. Kwa salo."

Sibomana alitazama sebule yake, kisha kizingiti. Veterineri alikwisha toa chupa ya dawa, anaipima kwa macho. "Alafu niambie, huyu mugonjwa wa tumbo ana kilo ngapi? Nikizidisha, itamuua. Nikipunguza, haitasaidia kitu."

Mizani ilikuwa moja tu mtaani hapo. Ilining'inia barazani kwa Mukabalisa, ikipima maharage.

Sibomana alikwenda na Batachoka mikononi, amemfunika kwa gunia kana kwamba ameiba kuku. Mukabalisa alikuwa anapepeta maharage. Hakuinuka.

"Maman, tunaomba mizani. Kidogo tu."

"Mizani iko ya maharage."

"Ninajua. Ni ya dawa. Mbwa anagonjwa sana."

Mukabalisa aliweka ungo chini polepole, akafuta mikono kwenye kitenge, akasogea na kuinua pindo la gunia. Alimtazama mbwa, akamtazama fundi. Akaona amepata nafasi aliyoingojea miaka yote.

"Masikini. Na anaitwaka nani?"

Sibomana alilivuta gunia vizuri. "Eh... ni mbwa ya bibi yangu."

"Ninajua ni ya bibi yako. Ninauliza jina. Mugonjwa hapimwake bila jina."

"Batachoka," fundi alinong'ona, akitazama vidole vya miguu yake.

"Sisikie."

"Batachoka, Maman."

"Aa! Batachoka." Mukabalisa alilitamka taratibu, kama anayeonja chumvi kwenye mchuzi. "Nani njo atachoka?"

Sibomana hakuwa na pa kuweka uso wake. Alisimama pale, mwanaume mzima mwenye mvi, mbwa anamtetemekea kifuani. Labda ile mitetemeko ndiyo iliyomaliza mchezo. Mukabalisa aliguna, akaondoa sahani ya mizani, akafunga kitenge chake cha pili kwenye ndoano kama bembea ya mtoto, wakamweka mgonjwa humo. Alisoma kilo kwa sauti, akazirudia ili fundi asisahau njiani.

"Ni mwepesi sana," alisema kwa sauti nyingine kabisa. "Harakisha."

Ndivyo kizingiti kilivyovukwa. Sibomana alitandika mkeka sebuleni, na kwa kuwa hangeweza kuacha kazi, akaingiza cherehani ndani pia. Akawa anashona ukosi mmoja, anainuka, anamwekea Batachoka vijiko vya maji shavuni, anarudi kwenye ukosi. Ubavu wa Tutaona ulihitaji nguo, na kitambaa kilichotapakaa sakafuni kilikuwa kimoja tu. Alichukua mabaki ya zambarau, akampima mbwa kifua kwa utepe wake, akakata, akashona. Na kwa kuwa mkono wa fundi hauwezi kuacha kazi nusu nusu, akaweka na ukosi wa dhahabu. Tutaona alivishwa akatulia, akajitazama ubavu, akalala. Ukweli ni kwamba ilimkaa vizuri kuliko ilivyowakaa baadhi ya waimbaji wa sauti ya tatu.

Uji ndio uliomshinda. Kila alioupika uliungua, ukanuka moshi, na Batachoka aliufumbia macho. Fundi alimwita kwa kunong'ona, maana tangu siku ile ya mizani aliona haya kulitaja jina hilo na ukuta uko karibu. "Batachoka. We. Kula kidogo basi." Mbwa hakusogeza hata sikio.

Honorine alipiga simu kila jioni.

"Batoto yangu beko aje?"

"Beko muzuri."

"Weka simu kwa sikio ya Batachoka, nimuite."

Sibomana alimtazama Batachoka, mbavu zake zinahesabika chini ya ngozi. Akiitwa asibweke, Honorine angejua, na akijua angevuka daraja kesho yake amwache mama yake na bendeji ya jicho.

"Batterie inakwisha," alisema.

"Batterie yako inakwishaka kila siku?"

"Ni simu ya kizamani, Maman Divine."

Alipokata, aliketi sakafuni. Wakati huo hakuwa tena anaogopa maneno ya mkewe. Aliogopa mkeka ule ubaki na mbwa mmoja. Aliweka kiganja juu ya kichwa cha Batachoka, akashangaa namna kilivyo kidogo, akashangaa zaidi kwamba hakuwahi kukigusa.

Jumapili alikwenda kanisani kwa sababu ya zile sare tu. Aliimba besi huku macho yanamfumba. Wakati wa maombi Pasta Néhémie aliuliza, kama kawaida, nani ana mgonjwa nyumbani. Mkono wa Sibomana ulijiinua wenyewe.

"Ndugu yetu fundi?"

"Niko na bagonjwa wawili kwa nyumba," alisema, na sauti ikamkatikia. "Mumoja hakulake tena kabisa."

Alitaka kuongeza ni wagonjwa gani. Lakini sauti ya mwanaume mzito ikikatika kanisani, nani atangojea maelezo? Pasta alikwisha fumba macho, kanisa zima likaingia kwenye maombi, akina mama wakipaza sauti mpaka mabati yakaitikia. Sibomana alifikiri, basi, maombi ni maombi, Mungu anajua nyumba anayoiendea. Alisahau jambo ambalo mtoto wa Kamembe halisahau: ukitangaza mgonjwa Jumapili asubuhi, Jumapili mchana watu wako mlangoni.

Walikuja wanaimba. Mbele alikuwa Nyiransabimana, rais wa kwaya, mwanamke mnyofu wa mgongo asiyecheka ovyo, na kibuyu kikubwa cha uji wa mtama kichwani. Nyuma yake sauti ya pili nzima, wengine na matunda ya maracuja, wengine na fanta, na Pasta Néhémie na Biblia yake kwapani. Wote walikuwa na habari kamili waliyoipika wenyewe njiani: Honorine amerudi kimya kimya kutoka Bukavu, amerudi na mama yake, na wote wawili wako taabani.

Sibomana alitoka akavuta mlango nyuma yake.

"Karibuni, karibuni. Tukae hapa inje, kuna hewa."

"Tulikuja kwa bagonjwa, si kwa hewa," alisema Nyiransabimana.

"Banalala."

"Tutabawekea mikono palepale banalala."

"Présidente, bagonjwa hawa... hawazoee bantu."

"Honorine hazoee bantu? Tangu lini?"

Sibomana akaushika mlango kwa mikono miwili. Pasta alimshika bega kwa huruma, akimdhania ameelemewa na uchungu, akamsogeza pembeni taratibu. Mlango ukafunguliwa. Kwaya ikaingia sebuleni na wimbo, na wimbo ukakatika mstari mmoja baada ya mwingine kadiri walivyoingia.

Kwenye mkeka alilala mbwa jike, mwembamba, pua juu ya sakafu. Kando yake Tutaona, ambaye hakuwahi kuona wageni wengi hivyo katika nyumba aliyokatazwa, alijikaza, akasimama kwa miguu mitatu, na akatikisa mkia ndani ya sare kamili ya kwaya, ukosi wa dhahabu umekaa sawasawa shingoni.

Walio nyuma wakachungulia juu ya mabega ya wenzao.

"Ndugu Sibomana," hatimaye alisema Pasta. "Bagonjwa... njo hawa?"

"Njo hawa, Pasta."

"Na hii," Nyiransabimana alinyoosha kidole, kibuyu kikiyumba kichwani, "hii si kitambaa yetu?"

"Ni mabaki tu, Présidente. Si kipande ya muntu."

"Tuliomba na machozi! Miye nilifunga kula tangu asubuhi!"

Aibu ilimpanda Sibomana kuanzia visigino. Lakini alikuwa amechoka mno hata kujitetea kwa uongo, kwa hiyo akasema kweli mbele ya sauti ya pili nzima. "Munisamehe. Sikutaka kubadanganya. Huyu tangu juzi hajakula kitu. Veterineri alisema kama hakule yeye mwenyewe, atakufa. Ni mbwa ya marehemu baba ya Honorine. Na miye pia..." Alijaribu kutafuta neno la heshima. "Miye pia ninamupenda sasa."

Mmoja wa akina mama nyuma alipasuka kwa kicheko, akaziba mdomo na kitenge, ikawa vibaya zaidi. Pasta aliiinamia Biblia yake ili watu wasimwone mabega. Nyiransabimana peke yake alibaki wima. Alimtazama fundi, akamtazama mbwa. Kisha akashusha kibuyu.

"Leteni sahani," alisema. "Uji hairudiake kwa nyumba."

Uji ulimiminwa, mwembamba na usio na harufu ya moshi. Batachoka alifungua jicho. Sibomana alipiga magoti, akanong'ona kama alivyozoea, "Batachoka. We. Kula." Pua ilitikisika kidogo, ikatulia. Jicho likaanza kufumba tena.

"Nani anaita mbwa vile?"

Ilikuwa sauti ya Mukabalisa. Kwaya haipiti mlangoni kwake ikiimba yeye akabaki na maharage. Alikuwa amesimama kizingitini na ungo wake mkononi.

"Unamuita kama uko unaomba deni. Miye ninasikia namna anaitwaka miaka yote, hata niweke mto kwa masikio. Toka hapo."

Fundi alijisogeza. Mukabalisa aliingia, akavuta sahani miguuni pake, akajaza hewa kifuani, akaelekeza uso upande wa ukuta wake mwenyewe, na akaita:

"Batachokaaaa! We Batachokaaaa!"

Ilikuwa sauti ya Honorine, haikukosekana kitu, na ule mvuto wa mwishoni, na ile jeuri yake yote. Kuku walistuka nje. Tutaona akabweka. Na Batachoka aliinua kichwa, masikio yakasimama, akamtafuta bibi yake chumba kizima. Akajikokota, akasimama, akayumba, hatua za kilevi, akasogea mpaka miguuni pa Mukabalisa. Hapo ndipo pua yake ilipokutana na sahani. Akalamba mara moja. Akafikiri. Akalamba tena, na safari hii hakuacha.

Sebule ililipuka. Walipiga vigelegele, wakapiga makofi, Pasta akaanzisha wimbo wa shukrani akiwa ameusahau ubeti wa pili. Sibomana alilia wazi wazi bila kujificha, na Mukabalisa alisimama katikati akijipepea kwa ungo, akisema kwamba hata Tutaona anajua kumuita, wakitaka.

Honorine alirudi siku mvua ilipopumzika. Alipokaribia kwake alisikia sauti yake mwenyewe inaita mbwa, naye mwenyewe yuko barabarani na mfuko begani, mdomo umefungwa. Alisimama. Sauti ilitoka ndani kwa Mukabalisa.

"Tutaonaaaa! Njoo uchukue mufupa yako!"

Tutaona alitoka getini akichechemea, na zambarau yake, akakata kona kuelekea kwa jirani. Katikati ya njia alinusa upepo, akageuka, akamrukia Honorine kwa miguu mitatu na mianzi. Batachoka alimfuata. Mukabalisa akatokea na mfupa mkononi. Wanawake wawili wakatazamana, na hakuna aliyekohoa.

"Karibu, Maman Divine," alisema Mukabalisa. "Mama yako anaonaka sasa?"

"Anaona," Honorine alijibu. Akafungua mfuko, akatoa furushi la samaki wakavu alilomletea Pasta, akamkabidhi Mukabalisa lote.

Ndani, Sibomana alikuwa kwenye cherehani. Honorine aliingia akivua viatu, na mbwa wakaingia nyuma yake, wakauvuka mlango bila hata kupunguza mwendo. Alishtuka kwa niaba ya mumewe.

"Inje! Inje, nyinyi! Hamujue sheria ya baba?"

Mbwa hawakumsikiliza. Walipita, wakajilaza chini ya cherehani, Batachoka akaweka kichwa juu ya kanyagio. Sibomana alisimamisha gurudumu, akaondoa mguu wake taratibu ili asimwamshe.

"Bache," alisema. "Pale njo pahali pabo."

Honorine aliketi. Alimtazama mume wake, kisha akakitazama kile kipande kidogo cha zambarau kilichokwama chini ya sindano, ukosi wa dhahabu ukining'inia.

"Na ile ni ya nani?"

"Ya Batachoka," alisema fundi. "Présidente alikataa abaki hivi. Anasema kwa kwaya yake hapana muntu atakaa bila uniforme."